Wachongaji watatu wananitaka niwaandikie kitabu cha maonyesho, nianzie wapi?

Kalamu_ya_Umoja

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nina swali na nitalieleza kwa urefu kidogo mnivumilie, nikilifupisha mtaniambia tu "andika bana" mwende zenu.

Mimi ni mwandishi wa hadithi fupi, nimechapwa hapa na pale, si jina kubwa. Mwezi uliopita jamaa mmoja anayechonga mawe alinipigia akasema wako watatu, yeye wa mawe, mwenzake wa vyuma chakavu huko Kariobangi, na dada mmoja wa udongo, wanaandaa maonyesho ya pamoja na wanataka kitabu kitoke siku ileile ya kufungua. Si ile katalogi ya kurasa nane ya majina na bei, kitabu kitabu. Nikasema sawa chap chap, si unajua vile mtu husema sawa kabla hajauliza mambo ya pesa.

Basi Jumamosi nikaenda kwa huyo wa mawe, kijikarakana cha mabati kando ya barabara, nikakaa kwa kigoda na daftari langu nikamuuliza, hii kazi inamaanisha nini? Akaniangalia tu. Akachukua maji kwa ule mtungi wa plastiki uliokatwa shingo, akalimwagia jiwe. Sasa lile jiwe lilikuwa jeupe la vumbi, ungedhani limepakwa unga wa ugali, na nyusi zake pia hivyo hivyo, lakini maji yalipopita ikatokea mishipa ya waridi na kijivu kama nyama, akapitisha kidole gumba juu yake polepole akasema "umeona?" Basi. Hakuongeza neno. Nilirudi mtaani kwangu Umoja na matatu ya saa mbili usiku nikiwa na ukurasa wenye neno moja.

Wa vyuma naye ni kinyume, anaongea mpaka simu inazima ikirekodi, anataka historia yote ya Kenya iingie ndani ya ndege marabu aliyemuunda kwa vijiko na cheni za baiskeli, wale marabu wa pale Nyayo Stadium mnawajua. Dada wa udongo amesema nisielezee kazi zake hata kidogo, ati akiona neno "inaashiria" anafunga vyungu vyake kwa gazeti anarudi navyo nyumbani.

Sasa mwandishi kwa kitu kama hii kazi yake hasa ni gani? Aelezee, asifie, ama aandike zake kando? Na nani analipa uchapaji, na kikishatoka ni changu ama chao? Halafu lugha, wao wanataka Kiingereza juu ya wanunuzi, mimi Kiingereza naandika lakini hadithi zangu huja kwa Kiswahili. Nisaidieni.

Tindo_na_Nyundo

Mimi ni mchongaji, wa mbao zaidi, kwa hivyo nikujibu kutoka upande ule mwingine wa benchi.

Huyo wa mawe alikujibu, wewe ndiye hukusikia. Swali la "inamaanisha nini" limetuchosha kwa sababu kila mtalii huliuliza akiwa tayari anatafuta njia ya kuuliza bei. Uliza mambo ya kazi. Jiwe limetoka shimo gani, nani alilibeba mpaka barabarani, ulitaka kuchonga nini kabla ukutane na ule ufa, ulikosea wapi, hii upande wa nyuma mbona umeacha na alama za panga. Hapo hutamnyamazisha, utatafuta mahali pa kulala.

Na kama anatumia jiwe la Kisii basi usiishie Nairobi. Panda gari uende Tabaka, hukohuko Kisii, ukae hata siku mbili. Utaona jiwe likikatwa likiwa bado na unyevu wa ardhini maana ndipo linakubali, wanaume wanachonga, halafu akina mama wamekaa na karai za maji wanapiga msasa, kwanza ule mkali, kisha laini, kisha laini zaidi, mwisho nta. Kazi hiyo ya msasa ndiyo inatoa ile rangi uliyooneshwa na kidole gumba, na jina la huyo mama halitokei popote, si kwa stendi ya sanamu, si kwa kadi, si kwa risiti. Mimi ningekuwa mwandishi ningeanzia hapo. Mzee Elkana Ong'esa ni wa hukohuko, na ndege wake wa amani yuko makao makuu ya UNESCO kule Paris, kwa hivyo hatuongei kuhusu kitu ya kuuzwa kwa kibanda tu.

Nikwambie langu. Niliwahi kuchonga uso wa nyanya yangu kwa gogo la jakaranda ambalo halikuwa limekauka vizuri, sikupaka gundi kwa ncha kuzuia ufa, nikaenda ushago kwa mazishi wiki mbili. Kurudi, ufa umepita kutoka kwa paji mpaka kidevuni. Nilitaka kuifanya kuni. Rafiki yangu mmoja anayeandika akaja, akakaa nayo mchana mzima bila kuongea, akaandika kurasa tatu kuhusu ule ufa, nyanya hakumtaja hata mara moja. Nilikasirika wiki mzima, ukweli usemwe, kwa sababu aliona kosa langu akaliweka kwa karatasi watu wasome. Mpaka leo sijamwambia kama nilisamehe. Lakini sanamu sikuichoma.

Njugu_za_Tao

Huyo dada wa udongo ndiye mwenye akili hapo, msikilizeni. Nimesoma hizi karatasi za maelezo zinazobandikwa ukutani kwa maonyesho miaka kumi sasa na zote zimeandikwa na mtu mmoja, sijui anaitwa nani lakini kila kitu kwake "kinachunguza mahusiano kati ya mwili na nafasi". Chungu ni chungu bana. Kama unaweza kuandika kitu ambacho kingesomeka hata chungu kikivunjika, andika. Kama huwezi weka picha.

Pia muulize huyo jamaa wa mawe kama amefikiria stendi. Nilikuwa kwa maonyesho fulani, mahali sitapataja, wakaweka jiwe juu ya kisanduku cha plywood kizuri kimepakwa rangi nyeupe, siku ya kufungua saa moja jioni watu wana glasi mkononi, kisanduku kikakunja goti. Jiwe la Kisii la futi moja kila upande ni kama kilo 75, huyo ni mtu mzima amekaa juu ya katoni. Hakuumia mtu, ila mwandishi aliyekuwa anasoma shairi wakati huo hajawahi kumaliza ule ubeti.

Mzee_wa_Ridgeways

Vijana mnaongea kana kwamba waandishi na wachongaji wamekutana jana kwa WhatsApp. Galeri ya Paa ya Paa ilianzishwa mwaka 1965 hapa Nairobi na Elimo Njau mchoraji, na pamoja naye walikuwa watu wa kalamu kama Jonathan Kariara mshairi na Hilary Ng'weno mwanahabari. Hata jina lenyewe ni mchezo wa mwandishi, paa yule mnyama, na kupaa. Samwel Wanjau alichonga hapo. Kwa hivyo mchongaji kusikia shairi akiwa na tindo mkononi si jambo geni mjini hapa, ni nyinyi mmetengana, huyu yuko Kariobangi, yule yuko kwa laptopu.

Lakini nakuambia kwa nini uandike kitabu na si karatasi ya ukutani. 1997 moto ulishika Paa ya Paa pale Ridgeways, ukala kazi nyingi sana. Hadithi ikiungua inaweza kuwa na nakala kwa rafiki. Sanamu ya mbao ikiungua imeungua. Kama hakuna mtu aliyeipiga picha vizuri na kuandika ilikuwa na urefu gani, mti gani, ilianza lini, basi hata aliyeichonga ataanza kuikumbuka vibaya. Kwa hivyo kabla hujaandika sentensi moja tamu, chukua futi kamba, pima. Kimo, upana, uzito, mti ama jiwe, mwaka. Weka nyuma ya kitabu kwa herufi ndogo. Miaka 40 kuanzia sasa mtu atakushukuru kwa ukurasa huo, zile sentensi tamu atakuwa amezichoka.

Na majina. Sanamu ya Dedan Kimathi wa Mau Mau imesimama pale kwa barabara yake tangu 18 Februari 2007, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa. Kila siku watu wanapiga picha naye, wanakutania pale, "nipate kwa Kimathi". Waulize kumi nani alimchonga. Anaitwa Kevin Oduor. Uliza tena kesho.

Njugu_za_Tao

Mzee hiyo ya Kimathi umenimaliza, mimi hukutana na watu hapo kila Ijumaa na sikuwa najua.

Mama_Matbaa

Wacha niongee kuhusu pesa maana nyote mnazunguka. Nimefanya kazi ya uchapaji miaka 19, Industrial Area, na wateja wanaolia sana kwangu ni watu wa sanaa, wanakuja wiki mbili kabla ya kufungua na picha za WhatsApp.

Kwanza picha. WhatsApp inabana picha, hiyo usiniletee. Nataka faili lenyewe kutoka kwa kamera, pikseli 300 kwa kila inchi kwa ukubwa ule utakaochapwa, si ule unaoonekana kwa simu. Na rangi ya skrini si rangi ya wino, ile waridi ya jiwe lenu kwa skrini inang'aa, kwa karatasi itakuwa kama maini ya jana kama hamtalipia karatasi moja ya majaribio kwanza. Lipieni. Mchongaji aje na jiwe lenyewe mkononi tulinganishe, nimewahi kufanya hivyo, fundi wangu alikasirika lakini ilitoka sawa.

Kupiga picha sanamu msitumie flashi, inalaza kila kitu, mashimo yote yanapotea. Mawingu yetu ya Julai yale mnayolalamikia baridi, hayo ndiyo taa bora, toa kazi nje, shuka jeusi nyuma, mwanga uje kando. Chuma chenye vijiko ndicho kigumu, kila kijiko kitakuwa na sura ya mpiga picha, mvae nguo nyeusi.

Pili kurasa. Mashine kubwa inachapa karatasi moja ambayo ikikunjwa inakuwa kurasa 16, kwa hivyo panga kitabu kwa 16, yaani 64, 80 ama 96. Ukija na 83 ukalipia 96, hizo 13 utaandika nini, nambari za simu? Chini ya nakala mia mbili tatu hivi uende dijitali, ofseti, yaani ile mashine kubwa, inaanza kuleta maana ukipita kama 500. Na mgongo ushonwe kwa uzi, usikubali gundi tupu, kitabu cha gundi hakifunguki kikalala, na picha ya sanamu ikipita kurasa mbili pua inaingia kwa bonde la katikati haionekani tena.

ISBN, ile nambari ya kutambulisha kitabu, mnachukua KNLS, maktaba ya taifa, si kazi ngumu. Ila mjue Kiswahili na Kiingereza vikiwa vitabu viwili kila kimoja kinataka nambari yake. Mkivichanganya kwa kitabu kimoja ni nambari moja.

La mwisho, kitabu na maonyesho visiwe na siku moja ya mwisho. Chukua siku ya kufungua, rudi nyuma wiki sita, hapo ndipo faili linafika kwangu. Kazi ambayo haijakamilika siku hiyo haitakuwa kwa kitabu, hata kama ni ya bosi. Wachongaji hawapendi kusikia hivyo, wao humaliza usiku wa kuamkia kufungua.

Wakili_wa_Mtaani

Hakuna mtu amejibu swali la kitabu ni cha nani na ndilo litawagombanisha. Niseme kwa ufupi, si ushauri rasmi, tafuta wakili wako.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ile ya 2001, inasema kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa nyinyi wenyewe mmekubaliana vingine. Soma tena polepole. Hao watatu wakikulipa wewe kuandika na hakuna karatasi, hadithi zako zinaweza kuwa zao. Na mpiga picha wenu hivyo hivyo. Kwa upande wa pili, msipomwagiza mpiga picha, ni rafiki tu alikuja na kamera, picha ni zake, hata kama sanamu ni ya mwingine, na siku kitabu kinachapwa mara ya pili atakuja.

Kwa hivyo ukurasa mmoja, lugha rahisi, kila mtu aweke sahihi. Maandishi yanabaki ya mwandishi, sanamu zinabaki za wachongaji, picha za mpiga picha, na kila mmoja anaruhusu kitabu hiki, nakala kadhaa, basi. Hela ya kitabu igawanywe mbali na hela ya sanamu. Hapo ndipo watu hukosana, galeri inachukua asilimia 30 au 40 ya sanamu, wengine hata nusu, halafu inachukua hiyohiyo kwa kitabu ambacho haikutoa hata shilingi. Ulizeni mapema.

Na waambie wachongaji, tangu marekebisho ya 2019 sheria inampa msanii asilimia 5 ya bei halisi kazi yake ikiuzwa tena kibiashara. Rekodi nzuri ndani ya kitabu, vile mzee amesema, vipimo na mwaka, inasaidia kuonesha kwamba ile ni kazi yako.

Tindo_na_Nyundo

Wakili umenitisha, mimi na yule rafiki wa kurasa tatu hatukuandikiana chochote, hata chai nilinunua mimi.

Kuhusu lugha, hakuna aliyegusa. Mimi naona andika kwa ile hadithi inakuja nayo. Vifaa vyetu tayari ni vya Kiswahili, tindo, patasi, msasa. Nikisoma kitabu cha Kiingereza kuhusu kazi yangu najiona nimevaa suti ya mtu mwingine, mabega yanapwaya. Wanunuzi watafutieni tafsiri nyuma.

Njugu_za_Tao

Na wanunuzi wenyewe wengi wanakaa Nairobi miaka ishirini, wajaribu.

Kalamu_ya_Umoja

Asanteni sana sana, sikutarajia. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilifuata maneno ya Tindo, nilienda Tabaka. Sikukaa mbili, nilikaa siku moja na nusu, pesa ilinishinda.

Ni vile mlisema. Nilikaa na mama mmoja karibu na karai, akanipa kipande cha msasa na kiboko mdogo wa jiwe, wale wa kuwekwa kwa meza, akaniambia piga usiongee. Nilipiga kama saa moja nikidhani nimemaliza. Akamchukua, akamzamisha kwa maji, akamwinua kwa mwanga, akaonesha mikwaruzo chini ya tumbo mahali ambapo hakuna mnunuzi ataangalia maisha yake yote, akanirudishia. Vidole vyangu vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo za shule ya bweni. Nikapiga tena. Nilimuuliza kama nimwandike kwa jina akacheka akasema nimwandike na watoto wake wote, akanitajia sita.

Kwa hivyo nimeamua hivi, na wachongaji wamekubali wawili na nusu. Kwa jiwe naandika karai, si jiwe. Kwa chuma nitaandika kijiko kimoja tu cha yule marabu, alikipata wapi, kilikuwa kwa sufuria ya nani, historia ya Kenya ikae nje ya mlango. Yeye ndiye hiyo nusu, bado ananitumia sauti za dakika kumi na moja, lakini jana alituma moja ya dakika mbili kuhusu kijiko cha mama yake na nadhani hakujua ameniandikia.

Kwa dada wa udongo hakuna neno. Kurasa zake zitakuwa picha na vipimo, na mwisho hadithi yangu moja ambayo haina chungu ndani. Nilimsomea. Alinyamaza, akauliza kwani yule mtoto kwenye hadithi alipata maji ama hakupata, nikasema sijui, akasema basi iwekwe.

Kiswahili mbele, Kiingereza nyuma kwa karatasi ya rangi nyingine, kitabu kimoja, nambari moja. Mama Matbaa tuko kurasa 80. Ukurasa wa Wakili tumeuandika kwa karatasi ya daftari, umepigwa sahihi nne na alama moja ya kidole chenye udongo.

Swali langu la mwisho ni stendi. Jiwe kubwa tumelipima kwa mizani ya mtu wa vyuma, ni kilo 112.

Njugu_za_Tao

Haki ya nani, msilete plywood.

Mama_Matbaa

Leteni huo ukurasa wenye alama ya kidole cha udongo nione, kama alama inaonekana tunaweza kuichapa ukurasa wa ndani. Na nataka faili wiki sita kabla, bado nasema.